Nilivyogoma Kulipia Programu ya Dukani

Jumatatu, Endagikot. Ukungu haujatoka tangu asubuhi, na shavu langu la kushoto limevimba hadi jicho linafunguka nusu.

Nimepigwa leo, dukani kwangu. Na mimi nimepiga.

Nauza dawa za mifugo. Miaka miwili iliyopita nilinunua programu ya hesabu ya kompyuta. Waliniambia nikishalipa, ni yangu moja kwa moja. Alhamisi iliyopita ikajifunga. Sasa ni lazima kulipia kila mwezi, la sivyo huoni hata jina la mteja wako mwenyewe. Nikapiga simu. Binti wa huduma kwa wateja akasema kwa upole, "Mama, lipia kwanza, ndipo utaona taarifa zako."

Zangu! Nikamtukana. Nikaapa sitoi hata shilingi.

Jumamosi msambazaji akanipigia: katoni moja ya dawa ya minyoo ina kasoro, niwazuie wote walionunua wasiitumie. Majina yalikuwa humo ndani. Niliowakumbuka niliwapigia. Waliobaki nikajiambia watasikia kwa wenzao.

Leo akaingia Baba Elia, mkulima wa kijiji cha Daudi, mwenye umri wa baba yangu. Hakungoja shikamoo.

"Ng'ombe wangu wawili wamekufa! Wenzangu uliwapigia. Mimi je?"

Nikaanza kumweleza habari ya programu. Fimbo ikanipata shavuni. Nikaangukia rafu, chupa zikapasuka. Nikainuka, nikamsukuma mzee yule kwa mikono miwili hadi kichwa chake kikagonga mlango, damu ikamchuruzika usoni. Majirani wakamshika, wakampeleka zahanati akashonwe. Mimi hawakuniwahi. Nilichukua nyundo nikaipiga ile kompyuta, nikapiga, nikapiga, vitufe vikaruka mpaka barabarani.

Haikusaidia kitu. Taarifa hazikuwa humo, ziko kwao.

Baadaye nikalipa kwa simu. Dakika tatu tu, orodha ikafunguka kwenye simu hiyo hiyo. Wanne sikuwa nimewapigia. Watatu niliwapigia hapo hapo; walikuwa bado hawajaitumia dawa.

Wa nne ni Baba Elia.

Mtaa mzima unailaani kampuni ile, na mimi nailaani. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Hela ilikuwepo kwenye simu tangu Alhamisi.

Kesho nakwenda Daudi kumwambia Baba Elia hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nitaweza?