NDOO MBILI ZA NYANI

KITUO CHA POLISI, MWANDIGA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Winfrida Feliksi. Umri: miaka 23. Kabila: Mha. Dini: Mkristo. Kazi: mwanafunzi wa chuo, mwaka wa tatu, somo la wanyama. Makazi: Katonga, Kigoma. Tarehe 14/08/2025, saa 2:20 asubuhi.

Mimi ni mwenye jina lililotajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Tangu mwezi wa saba niko kwenye mafunzo ya vitendo katika jumba la makumbusho ya viumbe huko Ujiji, pamoja na mwanafunzi mwenzangu Assani Dunia, ambaye mmemweka mahabusu. Msimamizi wetu ni Bwana Jeremia, mkuu wa mikusanyo ya wanyama.

Kazi yetu ni kuandaa wanyama waliokufa ili wahifadhiwe kwa masomo. Mwishoni mwa Julai maofisa wa wanyamapori walituletea nyani wawili waliogongwa na lori. Tuliwachuna, tukapunguza nyama, tukamloweka kila mmoja kwenye ndoo yake ya maji yenye mfuniko. Ndivyo mifupa inavyosafishwa: nyama inaoza, inaachia yenyewe. Inanuka sana.

Mnamo tarehe 11/08/2025, Jumatatu, saa 9 alasiri, Bwana Jeremia alituita uani. Alisema, "Alhamisi nina wageni kutoka Dodoma. Sitaki uvundo kwenye jengo langu. Kila mtu abebe ndoo yake akakae nayo nyumbani."

Assani aliuliza, "Mzee, na majirani je?"

Akacheka. "Mwandiga nzima inanuka mihogo iliyolowekwa. Nani atajua tofauti?"

Tukabeba. Assani alikwenda na yake Mwandiga kwa pikipiki, mimi na yangu Katonga.

Jana, tarehe 13/08/2025, saa 4 asubuhi, mwenye nyumba wa Assani, Bi Verediana, aliiona ndoo kando ya ukuta. Ameniambia mwenyewe, na sina kinyongo naye: "Nilidhani mwanangu Assani kasahau mihogo yake. Jua lipo, nikasema ngoja nimwanikie." Alichotoa majini kilikuwa mkono wenye vidole vitano.

Assani alinipigia simu, akasema neno moja tu, "Njoo." Nilifika saa 5. Uani kulikuwa kumejaa watu. Assani alikuwa chini, mdomo umepasuka, jino la mbele halipo. Watu walikuwa wanapiga kelele, "Mkongomani kaua mtoto!" Assani amezaliwa Ujiji. Aliyevuka ziwa ni babu yake.

Mkia ulikuwa pale mchangani, kila mtu anauona. Nikauliza kwa sauti, "Mtoto gani ana mkia?"

Mwanamume mmoja mwenye kofia nyekundu akajibu, "Huo mkia ndio uchawi wenyewe!" Wenzake wakamwitikia. Walikuwa wanatafuta petroli polisi walipofika.

Nilimfuata Assani hadi hapa kituoni, na mbele yangu afisa alimpigia simu Bwana Jeremia na kuweka spika. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Sijampa mwanafunzi mzoga wowote. Kama anao, ameiba." Assani ameandikiwa kosa la kukutwa na nyara za serikali, yaani mabaki ya mnyamapori, bila kibali. Kwa kosa hilo watu wanafungwa miaka.

Saa 12 jioni Bwana Jeremia alikuja kwangu Katonga. Nilimwamkia. Alikataa kiti. Alisema, "Winfrida mwanangu, ndoo yako imwage ziwani leo hii. Ukiulizwa, hujui kitu. Mafunzo yako nitahakikisha unamaliza vizuri."

Nikamuuliza, "Na Assani?"

"Assani ana ndugu zake Kongo. Atajua pa kwenda."

Alipoondoka sikumuaga.

Sikuimwaga ndoo. Nimekuja nayo asubuhi hii kwa bajaji. Dereva alisema, "Dada, huyo mwenzako naye analipa nauli," nikalipa ya watu wawili. Iko nje, chini ya dirisha lenu. Nadhani harufu mmeshaisikia.

Nataka iandikwe hivi: Assani hakuiba. Tulipewa wote wawili, na mtu mmoja, saa ileile, mahali pamoja. Kama yeye ana kosa, na mimi ninalo. Kama Bwana Jeremia hana kosa, aje hapa aeleze hii ya pili ilifikaje kwangu.

Nimesema niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, ni sahihi, sipunguzi neno.

Sahihi ya shahidi: W. Feliksi

Maelezo haya yameandikwa nami, Sajini Erasto. Ndoo imefunguliwa mbele ya shahidi. Ndani mna mifupa na nyama iliyooza ya mnyama mwenye mkia. Nimemweleza shahidi kwamba kwa kukutwa na ndoo hii naye anaweza kushtakiwa, nikamuuliza kama kuna neno anataka kulibadili kabla sijatia saini. Amejibu, "Afande, tia saini." Nimetia.