Kwa Mama Futi: Namba ya Mdomo na Namba ya Mkasi

Leo mwaka umetimia, Mama, tangu uache mkasi wazi juu ya meza na kusema unajilaza kidogo. Hukurudi kuufunga. Ulikaa wodini siku tatu, siku ya nne tukakuzika.

Wasiokujua wasome hapa wakujue. Ulikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulikuita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwako. Hata kwenye picha za harusi ya kaka yetu, mwanao wa pili, unayo, umejisahau. Mtu alikuwa bado yuko mlangoni, macho yako yamekwisha kumpima. "Pita ndani, mwanangu, mbona umepungua hivyo!" Na huyo mwanamke mlango umemtosha kwa kubahatisha! Lakini alitoka kwako anatembea kama bibi harusi.

Kitabu chako cha wateja kilikuwa na namba mbili kwa kila mtu. Ya wino ulimsomea mteja. Ya penseli, kwa mwandiko mdogo pembeni, ilikuwa siri yako na mkasi. "Namba ya mdomo inamfurahisha mtu," ulitufundisha, "namba ya mkasi ndiyo inayomtosha." Hakuna gauni lililowahi kurudishwa kwa kubana.

Tulikupenda kwa hilo. Hukuweza kuvumilia mtu aondoke nyumbani kwako amenuna. Baba akiunguza chakula ulikula na kuomba kuongezewa.

Sukari ilipokuja, nesi wa kliniki alikupa daftari na mashine ndogo ya kupimia. Ujitoboe kidole kila asubuhi, uandike namba uliyoiona. Shangazi yetu, dada yake Baba, alianza kliniki mwaka huohuo. Yule mkorofi, jamani! Alipima, akabishana na mashine, akapima tena, akaja kugombana na daktari. Daftari lake lilikuwa limejaa namba za kutisha, na kila mwezi walimbadilishia dawa. Lako lilikuwa safi: tano nukta tisa, sita nukta mbili, sita kamili. Nesi alilinyanyua mbele ya wagonjwa wote akasema, "Mwigeni mama huyu." Ulirudi nyumbani unang'aa.

"Wifi," Shangazi alikuambia siku hiyo, "sukari yako ina adabu kuliko wanao."

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Sisi tulidhani ni utani.

Wodini daktari alilisoma daftari lako, akaitazama mashine ya hospitali, ambayo ilishindwa kuitaja namba kwa jinsi ilivyokuwa kubwa. Akamwambia kaka yetu akalete mashine yako ya nyumbani. Ile mashine inatunza kumbukumbu, Mama. Ulikuwa hujapima kwa miezi minane. Muda wote huo kliniki ilikuachia dozi ileile kwa kuliamini daftari.

Nisiseme uongo, nilikukasirikia. Nilikukasirikia hata makaburini. Ulimwandikia nesi namba ya mdomo, ili asinune, na safari hii hapakuwa na namba ya penseli pembeni.

Halafu tukaona kwamba daftari halikuishia siku uliyolazwa. Ulikuwa umelijaza mbele. Jumatatu uliyokuwa tayari chini ya udongo, sukari yako ilikuwa sita nukta moja. Wiki iliyofuata, tano nukta nane. Kaka yetu alisema ulikuwa unarahisisha kazi tu, na mimi nikakubali, ila sikupenda kulishika lile daftari. Namba zilikwenda mwaka mzima, na mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe ya leo bila namba yoyote.

Futi yako tuliining'iniza msumarini, karibu na cherehani. Asubuhi tukaikuta mezani. Tukairudisha. Asubuhi ya pili tena mezani, imekunjuliwa, imekunjwa mahali pamoja tu, kwenye inchi ya thelathini na tatu. Kitinda mimba wako alisema ni paka.

"Paka gani?" Baba akamuuliza. "Tuna paka sisi?"

Basi tukazoea. Mtu anazoea kila kitu. Baba akawa anaamka, anairudisha futi msumarini, anasema, "Umeamkaje, Mama Futi," kisha anabandika chai. Thelathini na tatu haikuwa kiuno cha mtu yeyote humu ndani. Mimi, mwanao wa kwanza, nilikuwa arobaini, na kila mtu alijua.

Mwezi wa saba tangu tukuzike nilifungua droo ya cherehani kutafuta kifungo. Nikakuta gauni la buluu limekatwa, limeshikizwa kwa pini, halijashonwa. Lilikuwa na karatasi yenye jina ulilozoea kuniita, Kifungua, na mwandiko wako. Kiuno: kwa wino, arobaini. Kwa penseli, pembeni, thelathini na tatu.

Miaka yote namba yako ya kumfurahisha mtu ilikuwa ile ndogo. Kwangu uliigeuza.

Nilimwita Baba. Akakaa kitandani.

"Alilikata wiki ile ya mwisho," akasema. "Macho yake yalikuwa hayaoni hata uzi. Nikamuuliza hilo la nani. Akasema, la Kifungua, la mwakani."

Nikalivaa palepale, na pini zake. Mama, lilinikaa kama ngozi.

Nilijua nimepungua. Watu walikuwa wananisifu: "Umependeza, mwalimu!" Nilisema ni majonzi. Ile kiu ya kumaliza jagi darasani nilisema ni chaki. Kuamka kwenda chooni mara nne nilisema ni umri. Siku ile nilikwenda kliniki na gauni la pini chini ya koti, na yule nesi wako akanitoboa kidole. Kumi na saba nukta tatu. Alinipa daftari jipya.

Sasa lililo baya ninaliandika hapa ili wote walisome, maana kwako siwezi kulificha, na wewe ndiye uliyenifundisha kuficha. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mwanafunzi akinakili jibu bila kuonyesha njia, simpi hata alama moja. Na kwa wiki sita sasa nimekuwa nikimwandikia nesi sita nukta moja. Sijapima. Kidole kinauma, namba inatisha, na nesi anatabasamu vizuri sana nikimpelekea daftari safi. Nilidhani nimerithi ukali wa Shangazi. Kumbe nimerithi wewe.

Shangazi ndiye aliyeniweka kitako jana. Alilifungua daftari langu, akalifunga. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Nilishamzika mmoja kwa kuona aibu kumuuliza," akasema. "Wewe nakuuliza. Umepima?"

"Sijapima, Shangazi."

"Basi kesho tutapima mbele ya watu."

Kwa hiyo leo asubuhi tulikaa chumbani kwako wote watano. Nilivaa lile gauni, sasa limeshonwa. Kitinda mimba alishika mashine, Shangazi akanishika kidole kama anakamata mwizi. Kumi na nne nukta sita. Baba alifumba macho. Sikuchukua daftari langu, nilichukua lako, nikafungua mstari wa leo uliouacha wazi, nikaandika kwa wino: kumi na nne nukta sita. Pembeni, kwa penseli, nikaandika namba hiyohiyo.

Tulipoinua vichwa, futi ilikuwa msumarini, imenyooka. Tulipoingia chumbani ilikuwa mezani, na hakuna kati yetu aliyesimama.

Kesho asubuhi nampelekea nesi namba ya kweli. Akinuna, anune.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye ataendelea kukuamkia; wifi yako Shangazi; wanao: Kifungua, kaka yetu na mkewe, na kitinda mimba; wajukuu zako wawili; na wateja wako wote, ambao leo tunawaambia kwamba ulijua vipimo vyao vya kweli na ukawapenda navyo.

Hatutakusahau, Mama. Na tunaona kwamba wewe pia hujatusahau.