Sitaogea Kwenye Matete

Bwenini, Tarime
14 Julai 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe ni mzima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi sijambo, ila huenda habari zangu zimefika Nyarero kabla ya barua hii. Naomba uzisikie kwangu pia.

Kwaya yetu ilialikwa kuimba siku ya Saba Saba katika kijiji cha ujamaa ng'ambo ya Mto Mara. Tulifika tumejaa vumbi la lori, tukaomba mahali pa kuoga. Wenyeji wakatuonyesha upande wa wanawake: maji meusi yenye kina, matete pande zote ili tusionekane. Wanaume huogea juu kidogo, kwenye mawe, ambako maji yanaishia magotini na kila kokoto linaonekana.

Kwenye matope ya upande wetu niliona alama pana, kama mtumbwi umeburutwa, na nyayo za makucha kando yake. Baba, pale hapana mitumbwi. Mwalimu Honoratha mwenyewe, mkuu wetu wa shule, alitufundisha kwamba ukiwa safarini usiingie maji usiyoyaona chini. Nikawazuia wenzangu, nikawaongoza hadi kwenye mawe, nikawaambia wanaume kwamba nimeona alama za mamba, nikawaomba watoke. Walicheka sana. Mzee Waitara, mwenyekiti wa kijiji, akaniuliza kama mamba wa huku kwetu Tarime wanakwenda shule, hata nikajua kusoma maandishi yao. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikafunga kanga yangu kwenye kichaka cha njiani, iwe alama kwamba wanawake wanaoga. Tukaoga. Wao wakasubiri na ng'ombe wao waliowaleta kunywa maji, hadi tulipomaliza.

Mamba hakutokea. Ndiyo maana nachekwa. Hata Esta, niliyemvuta mkono asiingie, anasema niliwaaibisha bure. Mwalimu Honoratha aliniambia kwa upole kwamba mgeni hamchagulii mwenyeji maji. Niombe radhi mbele ya shule, la sivyo nitarudishwa nyumbani.

Baba, leo asubuhi nilisimama mstarini mbele ya wote. Nikasema siwezi kuomba radhi eti kwa sababu hakuna aliyeliwa.

Unaitwa shuleni wiki ijayo. Naipenda shule, na bado natumaini kuimaliza. Njoo unichukue, au njoo usimame nami, lakini usije kuniombea radhi. Na kabla hujaamua, muulize Mama yeye angeingia maji yapi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Marwa mdogo mwambie dada yake anamkumbuka.

Binti yako,
Wegesa Nyamhanga