Disketi ya Mwisho

Papa Ramla,

Usiegemee meza hii, inayumba. Wali na pondu ya majani ya mihogo viko jikoni. Kula bakuli likiwa mkononi.

Leo asubuhi ile kompyuta ya zamani ilisoma disketi zako moja baada ya nyingine, kisha ikadai ya mwisho. Bila hiyo haifungui hata ukurasa mmoja wa tasnifu yako kuhusu mitego ya samaki ya Wagenia. Ramla akacheka: "Mama, si iko chini ya muguu ya meza? Papa mwenyewe alitia."

~~Nimekasirika.~~ Ganda la disketi lilikuwa limepasuka, lakini kisahani cha ndani kilikuwa kizima. Nimekihamishia kwenye ganda jingine, kikasomeka.

Nimeenda kuichapisha tasnifu yote. Tafuta kipande cha ubao kwa meza, na kingine kwa kabati: limekalia kaseti ya harusi yetu.

Mama Ramla