Misiba Mitano Ambayo Hamkuhudhuria

S.L.P. 40,
Liwale,
Lindi.
22 Agosti 2021

Mpendwa mdogo wangu Kwandu,

Mwangaluka, mayu. Mwezi huu nimetimiza miaka thelathini na minane tangu nitoke Nkololo nikiwafuata ng'ombe wa baba. Ng'ombe walikwisha, malishoni tukaondolewa mara mbili, nami nikabaki huku kusini nikifundisha watoto wa watu kusoma. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe unalia nami nanyamaza, na hilo si jibu.

Goti linaendeleaje? Unapata usingizi? Bado unakula, au unapika na kuacha chungu kipoe? Mimi ni mzima. Pumzi inakata nikipanda kwenda posta, lakini nalala na kula.

Barua yako ilifika Alhamisi. Unasema ukifika mashineni na debe lako la mahindi, mwenye mashine anakuambia imeharibika, na ukishavuka barabara unaisikia inanguruma. Unasema pamba imepasuka shambani na hakuna wa kukusaidia kuivuna. Ukiwasalimu mwadila jioni, hakuna anayeitika. Hilo la mwisho umeliandika kwa mstari mmoja tu, lakini nilizaliwa hapo na najua ndilo kubwa kuliko yote.

Kosa ni langu. Mwaka jana kila Jumapili niliwapigia simu wewe na shemeji Januarius na kuwasomea magazeti juu ya korona: wazee ndio wanaokufa, msikae na watu, msiende misibani. Alipokufa Mayige, aliyechunga na Januarius tangu utoto, shemeji alikwisha kuvaa koti la kwenda kuzika. Nikamwambia maiti haijui nani amekuja. Akanijibu, "Shemeji, maiti haijui, ila Mboje anajua." Tukacheka wote wawili. Akalivua koti.

Mboje ndiye mwenyekiti wa kikundi chenu cha kuzikana, na kweli alijua. Misiba mitano ilipita. Katika ule wa tano, wa mama yake mwenyewe, mlipeleka unga mkauacha kwenye ua wa minyaa, mkarudi upesi kama wezi. Aliwarudishia siku ileile. "Unga haubebi jeneza," alisema. Januarius alinisimulia kwa sauti ya kuhangaika, na mimi nikamwambia, "Mwambie avumilie, ugonjwa utapita." Mwaka mzima hamkuumwa hata mafua. Nilijivunia jambo hilo kana kwamba nimewajengea nyumba.

Tena Januarius hakufa kwa ugonjwa huo. Alianguka zizini asubuhi akifungua ndama, na hadi umfikie mdomo ulikuwa umekwenda upande. Ulipiga yowe, na kijiji kilikuja, kwa kuwa yowe ni yowe. Lakini walisimama nje ya minyaa. Mboje akasema, "Kaeni na afya yenu." Na mmoja nyuma yake akaongeza kwamba wenye afya hujizika wenyewe, na wapo waliocheka. Uliniambia ulizitambua sauti za waliocheka. Sikukuuliza majina, na usiniandikie.

Mkwe wako Mahona alikuja na Flora kwa pikipiki kutoka Nkoma. Mkwe akamvua baba mkwe nguo na kumwosha, jambo lisilofanyika kwetu, kwa kuwa hapakuwa na mwanamume mwingine. Akachimba peke yake. Udongo wa mbuga mwezi wa saba unarudisha mtaimbo kama jiwe. Alianza saa tisa mchana, akamaliza kesho yake saa nne, nanyi mama na binti mkitoa udongo kwa beseni. Nilipouliza kina, akasema, "Kifuani, mjomba. Siwezi zaidi." Nikamwomba aiweke simu kando ya kaburi. Nilisikia mabonge yakimwangukia Januarius, makubwa, moja moja, na kati yake pumzi za mtu mmoja. Kisha mtandao ukakatika, nami nilishukuru.

Sasa unaniomba nije. Wazee wamesema nyumba haina mwanamume, kwa hiyo kaka yako achinje mbuzi, akae na watu wa nyumba zile tano, ale nao ugali kwa mkono katika sahani moja, halafu msiba utakaofuata alale nje na wanaume mpaka matanga yaishe. Akifanya hivyo wataitika salamu zako. Si hukumu mbaya. Ningekuwa mmoja wao ningetoa hiyohiyo.

Naogopa, Kwandu. Ningeweza kusingizia safari au miguu, lakini nauli ninayo na miguu inatembea. Nina miaka sabini na saba, na kifua changu unakijua tangu utoto. Nikiiwaza sahani ile na mikono kumi ndani yake, nainuka kwenda kunawa yangu. Mwaka na nusu sijashika mkono wa mtu. Jirani akinisalimu naitikia dirishani, akifa namsomea sala humuhumu ndani. Mwanzoni iliniuma. Siku hizi sisikii kitu. Wanachokuadhibu nacho wewe, mimi nimekichagua na nimekizoea.

Flora anataka uhamie kwao Nkoma. Najua mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe, sembuse kulala kwake. Nenda hivyo hivyo. Baada ya aliyoyafanya Mahona kwa baba mkwe, aibu iliyobaki ni ndogo. Pamba waachie ng'ombe. Kama hutaki kuondoka, nenda kwa Mboje mwenyewe, umwambie aliyewakataza ni mimi, na kwamba nimeitwa nikaogopa. Mpe jina langu walitukane mpaka wachoke. Huenda likakufaa hivyo kuliko lilivyokufaa kwenye simu.

Nisalimie Flora na Mahona. Mwambie Mahona sina neno linalotosha, kwa hiyo simwandikii. Nisalimie na shangazi Minza, kama bado anathubutu kupita kwako. Mungu akufungulie mlango mmoja hapo kijijini, hata kama ni wa nyumba usiyoipenda.

Usiningoje, wala usiwaambie wazee waningoje. Mimi sitarudi Nkololo, si kwa msiba huo utakaofuata, wala kwa wako mwenyewe.

Wako akupendaye,
kaka yako Deogratias