Tanuri Halizimwi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza benki ya uwekezaji! Miaka yote ya uhasibu nimehesabu yaliyokwisha kutokea. Hapa wanahesabu yajayo. Ghorofa nzima ni zulia, husikii mtu akija. Bosi — nimeshambatiza Kipara — kanipa karatasi ya usiri nisaini kabla hata ya chai. Akasema ya humu asiambiwe mtu, hata unayelala naye kitanda kimoja. Akacheka. Nami nikacheka, mgeni nifanyeje?

Jumatano, 12 Machi
Makampuni hapa hayatajwi, yanapewa majina ya bandia. La kwangu ni Korongo. Mteja wetu anataka kulinunua, mimi nipige hesabu lina thamani gani. Kazi tamu! Nimesahau hata kula. Mume wangu ananitania eti nimerudi usichana.

Ijumaa, 14 Machi
Kuna kitu kwa huyu Korongo. Anatengeneza chupa. Mwezi wa nane mwaka jana uzalishaji unaanguka ghafla, karibu na sifuri, halafu unapanda tena. Na mwezi wa nane tanuri la kiwanda cha mume wangu lilipasuka. Alilala kule kule na mafundi wenzake, akarudi nyusi zimeungua, nikamcheka mpaka machozi. Tanuri la vioo halizimwi, aliniambia. Likipoa, ndiyo basi.
Viwanda vya chupa viko vingi. Sitaki kufikiria.

Jumatatu, 17 Machi
Ni kiwanda chao, anwani imo kwenye faili.
Kipara kaniita, kafunga mlango. Mteja hana haja ya kutengeneza chupa, ataagiza za nje. Anachotaka ni kiwanja na soko. Kwenye hesabu zangu niondoe tanuri na wote wanaolihudumia, kuanzia mwezi wa saba. Nilitaka kumwambia kwamba mume wangu yuko kule. Nikaona ataniondoa kwenye kazi hii, labda benki kabisa. Nikameza. Nikabonyeza, mstari mmoja tu, ukafutika. Thamani ikapanda! Kipara akanipiga bega: ndiyo maana tulikuchukua.


Jumanne, 18 Machi
Mezani mume wangu ana furaha, hata watoto wameshangaa. Wawekezaji wanakuja Alhamisi! Meneja wao kasema kiwanda kitapanuliwa, na mume wangu ndiye atakayewatembeza wageni. Nikamuuliza, na ile kazi aliyoitiwa kiwanda cha saruji, wanaotaka jibu kesho? Anawakatalia. Nikamwambia asubiri kwanza. Nisubiri nini, mama watoto? Nikasema, basi tu. Akaweka kijiko chini. Akauliza kama kuna ninalolijua.
Nikasema hakuna.
Naogopa. Nikisema nafukuzwa, pengine nashtakiwa, na ada za watoto zote ziko juu yangu. Nisiposema —

Jumatano, 19 Machi
Amewapigia watu wa saruji. Amekataa. Nilikuwa jikoni nasikia kila neno: ahsanteni sana, nimeamua kubaki. Simu ilikatika nami bado nimeshika sufuria. Sijawahi kujichukia hivi.
Jioni akaniletea ovaroli, eti mkono wangu wa pasi ni mzuri kuliko wake. Nimeipiga pasi hadi kola.
Kipara katuma ujumbe. Kesho twende wote, ukamwone Korongo wako.

Alhamisi, 20 Machi
Naandika garini, kiwandani kwao. Nilidanganya naumwa. Kipara kasema utapona njiani. Kofia nyeupe ya wageni iko mapajani, mpya, bado ina nailoni. Joto la tanuri linafika hadi hapa. Kipara ameshashuka, ananiashiria nifanye haraka.
Mume wangu anakuja. Ovaroli imenyooka! Anampa Kipara mkono, mikono yote miwili, anacheka. Karibuni, karibuni sana. Vioo vya gari ni vyeusi, hajaniona. Kipara anamwambia kitu, anaonyesha huku. Labda: mtaalamu wetu wa hesabu yuko ndani.
Anazunguka gari. Anajifuta kiganja kwenye paja, kama afanyavyo kabla ya kumsalimia mkubwa. Ameshika kitasa —