Kikombe cha Mjukuu Wetu Saidi

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri

Kwa kaka yangu mpenzi Athumani, Kilwa Kivinje.

Shikamoo kaka. Kwanza nakuulizia hali yako, na ya wifi, na ya watoto wote hapo nyumbani. Lile jicho lililokuwa likikutoa machozi limepona? Nilisikia kwa watu waliotoka huko kwamba unalifunga kitambaa, na tangu hapo kila sala nakutaja. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio mgonjwa, kwa hasira. Leo nimetawadha mara mbili ili initoke, haikutoka, basi nikaona niiandike.

Na naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana herufi zimelala upande. Barua zangu huandikwa na yule karani wa kimeza pale posta, lakini haya ni ya ndani na yeye hana siri. Usicheke mwandiko wangu. Chuoni ulichapwa wewe zaidi yangu.

Kaka, mwanangu Zuhura ameshika mimba ya pili, na Saidi hata mwaka hajatimiza. Basi amemwachisha ziwa, maana maziwa ya mimba humharisha mtoto. Juma, mumewe, akapeleka habari huko kwa mama yake, na mkwe wetu huyo akaja. Hata mzigo hajautua, anasema, "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu, akalisahau ziwa kwangu."

Sikatai desturi. Hata sisi tulipelekwa kwa bibi. Lakini sisi tulikuwa tunakwenda kwa miguu yetu na tunakula wali. Huyu akitaka kusimama anashika ukuta, na ana meno mawili.

Na ungeona anavyomlisha! Anamlaza chali magotini, anamkingia kiganja mdomoni, anamwaga uji, na mtoto akifunga mdomo anambana pua. Mtoto atafanyaje? Anafumbua ili avute pumzi, na uji unaingia. Siku ya pili alipaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikamnyang'anya.

"Mkwe, utamuua!"

"Nimelea saba kwa kiganja hiki."

Ilinijia kumwuliza na amezika wangapi. Nikaumeza ulimi wangu, nikasema astaghfirullahi.

Juma akarudi kutoka karakana ya reli kule Gerezani, akatukuta tunafokeana uani na wapangaji wenzetu wote wametoka milangoni kutazama. Akaamua. Lori la Kilwa linaondoka Ijumaa baada ya sala. Mtoto akiweza kunywa mwenyewe kwa kikombe kabla ya siku hiyo, anabaki. Asipoweza, anakwenda na bibi yake. Mkwe akasema, "Sawa, na Mungu ni shahidi." Ulishike neno hilo, kaka. Alilisema mbele ya nyumba nzima.

Basi nikaanza kutafuta kikombe. Nilijaribu kata ya kifuu, uji wote ukaishia shingoni. Nikajaribu kikombe changu cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu. Mdomo wake mpana, mtoto anaung'ata tu, akikiinamisha kinamfunika pua, naye anakohoa na kulia. Mkwe amekaa mkekani anatazama, anasema, "Mnywesheni, basi. Si mmesema anaweza?"

Jumatatu nikenda kwenye duka la vyombo, kwa Mhindi mmoja ninayenunua kwake sahani. Nikamweleza. Akapanda ngazi, akateremsha kikombe cha udongo cheupe, kimefunikwa nusu juu, ubavuni kina mdomo kama wa buli. Nikapitisha kidole ukingoni, laini. Nikatia maji, yakatoka kidogo kidogo kama yanavyotoka kwenye ziwa. Yule Mhindi hakunificha. Alisema, "Mama, hivi huchukuliwa na hospitali, wananyweshewa wagonjwa waliolala." Nikasema hewala, kikombe ni kikombe. Nikakiosha kwa maji ya moto, nikakisomea Bismillahi, na nyumbani sikumwambia mtu maneno hayo. Nakwambia wewe tu.

Mkwe alipokiona akasimama. "Umekitoa wapi hiki?"

"Dukani."

"Muongo! Hiki cha hospitali. Mume wangu alinyweshewa hiki siku tatu, ya nne akafa. Unamtia mtoto kinywani kikombe cha maiti!"

Akakichukua, akaenda nacho chooni, akakitumbukiza. Nikasikia kinavyogonga.

Kaka, alikuwa analia, niseme haki. Angeniambia tu, mkwe, chombo hiki kinanikumbusha, ningekirudisha saa ile ile. Lakini kunitukana uani! Zuhura akaniambia, "Mama, basi, mwache amchukue, nimechoka kusikia kelele." Na Juma akanitazama kama mimi ndiye niliyemuua baba yake.

Sikunyamaza. Jumanne asubuhi nikenda kwa fundi wa mabati, yule mfua koroboi. Nikamchorea chini kwa kijiti. Akacheka, "Bibi, unataka birika au kikombe?" Nikamwambia, "Nataka vyote viwili, na kiwe kidogo cha kushikika na mtoto." Akaanza kukata debe la mafuta ya taa. Nikalinusa, nikamwambia hapana, mtoto hanywi taa. Akatafuta mkebe wa biskuti, msafi, akautia kifuniko nusu, mdomo mfupi, na masikio mawili ya kushikia, moja kila upande. Mara tatu nilimrudishia ausugue ukingo, mpaka akaniambia, "Bibi, utaolewa na kikombe hiki?" Nikamwambia, "Sugua."

Siku ya kwanza Saidi alikichezea tu, akakigonga sakafuni. Jumatano, kabla ya alasiri, nilimkalisha wima mapajani, nikatia uji mwepesi hadi nusu, nikamwachia. Akashika masikio yote mawili. Akavuta. Akanitazama kama anauliza hiki nini. Akavuta tena, akameza, akameza, akameza. Wapangaji uani wakapiga vigelegele kama tumeoza mtu. Zuhura alicheka, mara ya kwanza tangu mimba imshike. Mkwe naye aliona, hakuwa mbali. Akainuka akaenda kutawadha.

Alhamisi nikaenda sokoni kununua unga wa mtama. Kurudi, chumba cha mkwe kitupu. Zuhura amejilaza na kichefuchefu chake, anadhani mtoto yuko barazani anapunga upepo na bibi yake. Kumbe kulikuwa na lori jingine la Kilwa la asubuhi, ameshaondoka naye. Na kikombe kimewekwa dirishani, kimekaushwa vizuri, ili nikione.

Juma alirudi kutoka kazini, nikamkabili. "Ulijua?"

Akainama kuvua viatu.

"Juma, nakuuliza, ulijua?"

"Nilimpelekea mzigo wake kwenye lori, mama. Yule ni mama yangu. Nifanye nini?"

"Usimame mlangoni! Mtu unayesukuma mabehewa ya treni, umeshindwa na kizee mwenye kitoto mgongoni?"

Tangu saa ile sisemi naye. Chumba changu na chao vinatazamana, nami napita kama simwoni. Najua ni dhambi Muislamu kumnunia mwenzake zaidi ya siku tatu, na leo ni ya tatu. Kesho nitamsalimu. Kumsalimu tu.

Kwenda kwa kadhi siwezi. Mtoto ni wao, baba yake karidhia, wataniuliza nadai nini. Nina wewe tu huko. Jirani yetu Bi Tatu anakuja Kilwa kwa meli ya Jumatatu, ndiye anayekuletea barua hii na kikombe. Nakuomba uende nacho kwa mkwe wewe mwenyewe, usimtume mtu. Wewe ni mjomba wa Zuhura, hawezi kukuzuia mlangoni. Usigombane naye. Mtoto akalishwe wima, si chali. Uji mwepesi, nusu kikombe. Ashike mwenyewe, na akikataa aachwe, mpaka njaa imrudishe. Pua yake isiguswe. Wala usimwulize mkwe kama mtoto anakunywa, atakwambia anakunywa. Kaa hapo mpaka umwone akimeza. Ana jina la baba yetu, kaka, na nilimwacha mzima.

Nisalimie wifi yangu mke wako, na shangazi yetu anayesuka mikeka, umwambie dua zake nazihitaji, na yule binamu yetu mwadhini. Zuhura anakuamkia.

Ni mimi mdogo wako, Mwanahawa binti Saidi. Tafadhali nijibu upesi, kwa meli hiyo hiyo inaporudi.